Anwani Iliyoandikwa Kwenye Fulana

Mimi huvumilia mengi, lakini kumwacha mgeni wa matanga amesimama mlangoni sivumilii. Nililelewa Katuba, katika nyumba ya mtu wa reli, na mama yangu alikuwa yule mwanamke ambaye kila msiba wa mtaa ulimwita. Hakuitwa kupika, maana bukari yake, ndiyo ugali, ilijaa mabonge na kila mtu alijua. Aliitwa kupokea watu. Alikaa kwenye kiti karibu na lango, na yeyote aliyeingia, awe ametoka nyumba ya pili au ametoka Kalemie na vumbi la safari kichwani, alimshika mkono, akampitisha katikati ya viti vya wanaume, akamfikisha ndani mpaka mbele ya mkeka wa mfiwa. Hapo ndipo alipomwachia.

"Muntu wa kilio habamwachaka ku mulango," alikuwa akituambia. Tulipokuwa wasichana tulimcheka. Tulidhani ni kazi ya mtu asiyejua kupika.

Leo nina chumba changu cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, humu humu Katuba. Watu walikuwa wakija kwangu na karatasi ya tangazo la kifo niipige vizuri, kisha wakihangaika jinsi ya kuwafikishia ndugu walio Kongolo, Manono, Afrika Kusini na Ubelgiji. Ndiyo maana nikafungua tovuti. Kila marehemu alipewa ukurasa wake: picha yake, mahali pa matanga, saa ya mazishi, na chini kabisa nafasi ya ndugu kuandika neno la pole. Bure, kwa yeyote aliyechapisha tangazo kwangu.

Kwetu, siku ya mazishi, watoto na wajukuu huvaa fulana za aina moja zenye picha ya marehemu kifuani. Haikuchukua muda familia zikaanza kuandika mgongoni anwani ya ukurasa wake. Yaani ukimfuata mjukuu nyuma kwenye njia ya makaburi, unaisoma njia ya kumfikia babu yake. Mimi niliona fahari. Sikuwaza kwamba anwani inaweza kuhama na fulana isijue.

Kati ya kurasa zote, mmoja ulinishika moyo kuliko nyingine. Ulikuwa wa mzee mmoja aliyefanya kazi ya mgodi maisha yake yote, na mjane wake anakaa barabara ya nyuma yangu. Mtoto wao wa kwanza aliacha shule akaenda kuchimba mawe na wachimbaji wadogo. Siku ya matanga ya baba yake, wajomba na baba wadogo walisimama mbele ya watu wote wakasema mzee amekufa kwa mawazo ya huyu. Mama yake alikuwepo, lakini mjane kwetu hukaa kwenye mkeka, ameinama, na wazee wakisema yeye hajibu. Hakujibu. Kijana alisubiri sauti ya mama yake, hakuisikia, akainuka na fulana ile mwilini, akaenda. Hakuaga mtu.

Namba yake ya simu ilikufa. Baada yake zikasikika namba nyingine, nazo zikafa. Kilichobaki ni hiki: kila mwaka, siku ile ile aliyokufa baba yake, neno moja linatokea chini ya ukurasa wa mzee. Halibadiliki sana. "Papa, niko. Tricot yako ningali nayo." Basi. Tricot ndiyo fulana, kwa Kifaransa chetu cha mtaani.

Mama huyo alisoma mpaka darasa la juu la msingi, anasoma vizuri, lakini siku hiyo kila mwaka alikuja kwangu, akakaa, akataka nimsomee kwa sauti. Nikimaliza, alisema, "Soma tena." Kisha akarudi nyumbani kupika. Nilimwambia mara nyingi amjibu hapo hapo chini ya neno lake. Alikataa.

"Anasemaka na baba yake," aliniambia. "Nikiingilia, atakimbia. Acha paka vile."

Niliona ni upumbavu, na nilimwambia kwa heshima, kadiri ninavyoweza heshima. Hakubadilika. Paka kwetu si mnyama tu, ni "vivyo hivyo," na mama yule aliishi kwa paka vile.

Sasa hapo ndipo ikaja barua kutoka kampuni ya nchi za nje iliyokuwa imeipangisha tovuti yetu. Anwani yetu ilikuwa imening'inia chini ya jina lao, kama chumba cha uani. Walisema wanafunga. Kwa miezi michache watakubali kumwelekeza kila mgeni kwenye anwani yetu mpya, tukiwapa mpya, kisha watazima kila kitu. Nilipiga hesabu ya miezi kichwani kabla hata sijamaliza kusoma. Siku ya mzee ilikuwa inaangukia ndani ya miezi hiyo, kuelekea mwisho. Mara moja tu. Yule kijana angekuja kwa mlango wa zamani mara moja tu, na kama hatamkuta mtu wa kumpeleka mlango mpya, mwaka utakaofuata hakuna mlango wala ukuta. Mama yake asingejua hata kama anaishi.

Nilimwita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Familia yao ni ya Kasai, watu wa vitabu. Yeye alisomea kompyuta na anafanya kazi mjini. Ni mtu wa maringo, viatu vyake vinang'aa hata katika vumbi la Katuba, na mimi na yeye tunataniana kama utani ungekuwa mshahara. Tulinunua jina letu wenyewe, jipya, lisiloning'inia chini ya mtu. Akahamisha kurasa zote kwa siku chache. Jumamosi moja akaja na kompyuta kwapani, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Yaya, kazi imeisha," akasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Ukipiga adresse ya zamani, inakuleta mu site ya mupya. Yote."

Nikajaribu. Nikaandika anwani ya zamani ya bibi mmoja wa Hewa Bora, niliyemkumbuka kwa sababu ya kicheko chake kwenye picha. Kweli, nikatupwa kwenye tovuti mpya. Lakini nilitupwa kwenye ukurasa wa mbele, penye mshumaa na neno la kukaribisha. Nikajaribu marehemu mwingine. Mshumaa. Mwingine tena. Mshumaa.

"Bibi iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko mule mule. Bataitafuta."

"Nani atatafuta? Mutu anatoka mbali na kilio yake, unamuacha ku mulango, unamwambia atafute maiti?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika mpaka nikamsukumia kompyuta yake. "Andika adresse ya kambo yako," nikamwambia. Kambo ni bibi, na bibi yake mzaa baba naye ana ukurasa kwetu, na fulana yake tuliivaa wote. Akaandika, bado na tabasamu. Mshumaa ukaja. Akaanza kushuka na kidole katika orodha ya wafu, uso baada ya uso, akapita wasiomhusu, akarudi juu, akashuka tena. Tabasamu lilikwisha kabla hajafika nusu. Alipompata, alifuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati lake jeupe.

"Yaya, uko na haki," akasema. "Kila muntu na njia yake."

Nikamsimulia kazi ya mama yangu. Alipoielewa, alifanya kama mtu aliyetukanwa na sasa anataka kuonyesha uwezo wake. Alipanga anwani za zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, ukurasa kwa ukurasa, kila mlango wa zamani ukaelekezwa chumba chake na si ukumbini. Kwanza alihifadhi nakala ya kila kitu pembeni, tukiharibu turudi tulipotoka. Mimi nilisoma, yeye akaandika. Umeme ulikatika mara nyingi kama kawaida yake, tukatoka nje kuota jua, maana baridi ya Juni ilikuwa imeanza na vumbi jekundu lilikuwa limekaa hadi kwenye nyusi.

Tulipomaliza, tukagundua uchafu mwingine, na huo ulikuwa wangu kwa urithi. Baba yangu wa reli alitufundisha kuandika anwani nzima juu ya kila mzigo, hata gunia la unga linalokwenda kwa jirani wa ng'ambo. Jina, barabara, mtaa, mji, mkoa. Alisema mzigo usio na anwani nzima hulala stesheni. Basi mimi, kila nilipounganisha ukurasa mmoja na mwingine ndani ya tovuti, "Tazama picha," "Soma salamu," "Rudi mwanzo," niliandika anwani nzima ya zamani, kutoka kichwa hadi kisigino. Mgeni alikuwa anaingia kwenye nyumba mpya, anabonyeza mahali pa picha, na anarudishwa mbio nyumba ya zamani.

"Yaya, hii site yote iko na adresse ya kamili sawa koli ya train!" shemeji akapiga kelele. Koli ni mzigo, na alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Baba yako angefurahi!"

"Baba yangu hakupoteza koli hata moja," nikamjibu.

Lakini lazima niseme, hapo alinionyesha kazi. Mimi ningebadilisha kiungo kimoja kimoja mpaka nizeeke. Yeye aliiamuru kompyuta itafute jina la zamani kila lilipojificha, iweke jipya, na safari hii akaviandika viungo vya ndani kwa ufupi, njia tu bila jina la nyumba, ili hata tukihama tena visitusumbue. Kisha akaipitia kazi ya kompyuta akihakiki, akakuta yale maneno ya salamu ambamo watu wenyewe walikuwa wamebandika anwani ya zamani, akayasahihisha nayo. Nilimpikia sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga, bukari isiyo na mabonge, na akala kama aliyelima.

Tulidhani tumeshinda. Nikamtuma mtu amwite mjane wa barabara ya nyuma aje aone kwa macho yake kwamba mzee wake amehamishwa salama. Akaja, na kwa kuwa ni mtu wa adabu hakuja mikono mitupu. Alileta fulana yake ya matanga, ile aliyogawiwa kila mtoto, imekunjwa ndani ya kitenge.

"Nilisema mutaitaka, juu mutoto anaandikaka paka kufwata hii," akasema; juu kwetu ni "kwa sababu." "Simu anapoteza. Tricot hapotezi."

Nikaitandika mezani kwa mgongo. Nikaandika kwenye simu yangu herufi zile zile za mgongoni, moja baada ya nyingine, nikiringa.

Ukurasa huu haupo.

Nikaandika tena, labda kidole kimeteleza. Ukurasa huu haupo. Shemeji akaandika kwenye yake. Haupo. Mama yule alikuwa amesimama nyuma yetu na alisoma vizuri sana, safari hii hakuhitaji nimsomee. Hakulia. Alishika ukingo wa meza. Ningependa kusema nilitulia, lakini niliogopa.

Kisha nikaitazama fulana vizuri, nikakumbuka. Aliyezichapa fulana zile ni fundi mmoja wa hapa hapa, mtu mzuri, mcha Mungu, mwenye malezi. Nilimpa anwani ya mzee kama ilivyokuwa, jina lake limesimama peke yake mwishoni. Mtu aliyelelewa Katuba hawezi kuandika jina la mzee uchi mgongoni mwa watoto wake. Aliongeza "papa" mbele. Nilipomgombeza, fulana zote zikiwa zimeshakauka, alishangaa kweli kweli.

"Mama, miye niandike jina ya muzee vile tu, sawa ya mutoto mwenzangu?"

Mazishi yalikuwa kesho yake, kwa hiyo wakati ule nilifungua kijimlango cha pembeni kwenye tovuti ya zamani: anayekuja na "papa" apelekwe kwenye ukurasa halisi. Nikakisahau. Hakikuwa ukurasa, kilikuwa mlango tu, na tulipoorodhesha kurasa hakikujiorodhesha.

"Njo ule tu?" shemeji akaniuliza polepole, yaani ndiye huyo peke yake. "Ao kuko bengine?"

Fundi yule alikuwa amechapa fulana za nusu ya wafu wetu.

Basi tukaelewa kwamba orodha ya kompyuta haitusaidii. Watu hawaingii kwa orodha, wanaingia kwa nguo. Nikapitisha habari baada ya misa, sokoni, kwa wauza makaa, kwa vikundi vya simu vya familia: kila mwenye fulana au kitenge cha matanga kilichoandikwa anwani yetu akilete Jumamosi, tujaribu mlango wake mbele yake. Niliweka viti uani. Nilitegemea watu wachache.

Walikuja kama kwenye matanga halisi, ila safari hii wakicheka. Kutoka Hewa Bora, kutoka Annexe na tope la bustani miguuni, kutoka mitaa ya Katuba yenyewe. Kamba za kuanikia zilijaa, tukaanika fulana juu ya ukuta, juu ya mti wa mpera, juu ya baiskeli ya mtu. Uani mwangu wafu walijaa, wote wamevaa suti na wanatabasamu, na upepo ukiwapepea. Mzee mmoja mnene alikuja ameivaa ya kaka yake na akakataa kuivua kwa sababu ya baridi, kwa hiyo shemeji, na viatu vyake vya kung'aa, alilazimika kupiga magoti nyuma yake na kusoma mgongo wake huku mzee akijikuna. Mwanamke mwingine alileta kipande tu, kingine kilikuwa kimeshakuwa dekio, na dada zake walimsema hapo hapo mpaka nikawaingilia.

Tulifanya hivi: mwenyewe anasoma herufi kutoka kwenye nguo, shemeji anaandika kwenye simu, si kwenye kompyuta, kwa sababu watu wetu huingia kwa simu. Usipofunguka, anatengeneza mlango wake papo hapo na tunarudia. Na zilikuwepo! Wengi walikuwa na "papa." Wengi "mama." Mmoja alikuwa na "kambo." Muuguzi mmoja wa zamani, Mungu amrehemu, fundi alikuwa amempa "docteur."

"Bantu ya hapa," shemeji akasema, jasho likimtoka katika baridi ile, "bakikufwa banapanda grade!"

Uani mzima ukaangua kicheko. Lakini kila mlango ulipofunguka na picha ikajitokeza kwenye kioo, mwenye fulana hakucheka. Alisema, "Jambo, papa," au "Jambo, mama," kwa sauti ya kawaida kama mtu aliyemkuta mwenzake sebuleni. Baada ya wa tatu au wa nne, wanawake wakaanza kupiga vigelegele kwa kila mmoja. Sijawahi kufanya kazi ikapigiwa vigelegele. Niliwatazama watu wale na kamba zile, nikasikia furaha imenijaa, na nikamkumbuka mama yangu kwenye kiti chake cha lango.

Mjane wa barabara ya nyuma alikaa siku nzima, fulana yake mapajani. Mlango wake tulikuwa tumeutengeneza wa kwanza, siku ile ile ya hofu. Alibaki mpaka watu walipoondoka. Tangu aone yale maneno, ukurasa huu haupo, alikuwa amekuwa mtu mwingine.

"Mwana," akaniambia, "utaweka maneno ya kuambia bantu kama mumehama?"

Nikamwambia ndiyo, juu ya kila ukurasa tutaandika kwamba tumehama na anwani mpya ni hii.

"Kwa ule wa bwana yangu, unaweza kuweka ya kwangu?"

Nikavuta kompyuta kabla hajabadili mawazo. Akafunga macho, akasema polepole, nami nikaandika kama alivyosema, sikusahihisha hata herufi:

"Adresse njo yenye kuhama. Nyumba ingali pale pale. Siku ile sikusema, juu nilikuwa ku mukeka. Leo minasema: kuya."

Kuya ni njoo. Chini yake nikaweka namba ya simu ya chumba changu. Shemeji alikuwa anakunja nyaya pembeni. Alizikunja kwa muda mrefu sana kwa nyaya chache vile.

Siku ya mzee ikafika. Mama alikuja asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, akakaa. Mimi nilifungua ukurasa, nikaufunga, nikaufungua. Shemeji, ambaye alikuwa na kazi mjini, alitokea akidai amepita tu. Mchana ukapita. Nilimchapia mtu cheti cha ubatizo na nikakosea tarehe mara mbili. Niliwaza: labda herufi za fulana zimefutika. Labda ameuza simu. Labda amefika, ameona neno la mama yake na amekimbia kama alivyoogopa mama mwenyewe, na ni mimi niliyemchochea miaka yote amwandikie. Hilo liliniuma kuliko yote.

Simu ya chumba ikalia. Huwa inalia kila wakati, watu wanauliza bei ya fotokopi, nikaishika kwa hasira.

"Allo?"

Kukawa na upepo upande wa pili, na kelele za watu wanaogonga mawe. Kisha sauti ya mwanaume mzima, si ya yule kijana niliyemkumbuka.

"Mama iko?"

Nilimpa mama yake simu. Aliiweka sikioni. Alisikiliza. Tukasubiri alie, tukasubiri alitaje jina la Mungu. Yeye akakunja uso.

"Ile tricot," akasema, "bado iko na rangi?"

Akasikiliza jibu.

"Unaifulaka na nini? ... Na sabuni ya sahani? Weye haukuyuaka kufula tangu utoto. Ilete. Miye nitaifula."

Shemeji alitoka nje, akapiga ukelele barabarani kama timu yetu imefunga bao, na watu wakatoka majumbani kuuliza nani ameshinda. Mimi nilicheka na kulia pamoja, na sikuona aibu.

Alikuja wiki iliyofuata, alasiri. Habari ilikuwa imeshamtangulia, kwa hiyo uani kwa mama yake majirani walikuwa wamekaa wakijifanya wamekuja kwa shughuli nyingine, hata baba mdogo mmoja kati ya wale waliosema siku ile ya matanga. Mimi nilikuwa nimejiwekea kiti karibu na lango. Hakuna aliyeniagiza. Ni damu.

Akatokea, mwembamba, ndevu, mfuko wa plastiki mkononi, na ndani ya mfuko niliona kitambaa kilichokunjwa. Alifika langoni akasimama. Alitazama viti, akamwona baba mdogo, na mguu wake mmoja ukarudi nyuma. Nikainuka upesi nimshike mkono nimpitishe, kama mama yangu alivyofanya kwa watu wote wa mtaa ule.

Lakini mlango wa nyumba ulifunguka. Mama yake alitoka, akashuka ngazi, akapita katikati ya viti vya wanaume bila kumtazama hata mmoja, na aliponifikia alinirudisha kitini kwa kiganja kimoja begani.

"Ikala, mwana," akaniambia. "Huyu miye mwenyewe njo nitamuingiza."

Akamshika mtoto wake mkono, akaingia naye.